Jinsi ya Kufanya Mdahalo Kuhusu Marufuku ya Upanga, Panga na Silaha Nyingine

Mada ya kupiga marufuku silaha za makali huvutia ukumbi upesi na huharibika upesi vilevile. Upande unaoafiki husimama kueleza damu, upande unaopinga husimama kueleza shamba, na baada ya saa nzima hakuna aliyemjibu mwenzake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa midahalo wa Tanga, pamoja na vijana wa barza wanaojadili mambo haya jioni bila mwenyekiti wala saa. Msimamo wake ni kwamba mdahalo wa namna hii huamuliwa na maswali mawili ya awali, yaani ni kitendo gani hasa kinachokatazwa na ni nani atakayekatazwa, kabla hata ya kufika kwenye swali la kama silaha ni jambo baya. Swali hilo la mwisho halina mpinzani, kwa kuwa hakuna atakayesimama ukumbini kusema kwamba kukatana mapanga ni jambo jema, na mada isiyo na mpinzani haina haja ya kujadiliwa.

Kwanza iandikeni mada vizuri

Sentensi “Serikali ipige marufuku silaha” bado haijawa mada. Neno serikali peke yake halitoshi, kwa sababu Bunge hutunga sheria, waziri hutoa kanuni chini ya sheria hizo, na halmashauri hutunga sheria ndogo zinazotumika ndani ya eneo lake tu. Jiji la Tanga haliwezi kuzuia bidhaa isiingie nchini, na Bunge halina sababu ya kujishughulisha na mtu anayepita na kisu sokoni Mgandini ikiwa sheria ndogo inatosha. Msemaji asiyetaja ngazi anayoizungumzia hujikuta akiulizwa maswali ya ngazi zote.

Neno marufuku nalo hubeba mambo mengi. Mtu anaweza kukatazwa kutengeneza silaha, kuiingiza nchini, kuiuza, kuinunua akiwa chini ya umri fulani, kuimiliki nyumbani, au kuibeba hadharani. Hayo ni makatazo sita, na hoja inayofaa kwa moja huwa haifai kwa jingine. Tazama England na Wales: amri iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2008 ilikataza kutengeneza, kuuza, kukodisha na kuingiza nchini upanga wenye bapa lililopinda la sentimita 50 au zaidi, lakini aliyekuwa nao ukutani nyumbani kwake hakuguswa hadi mwaka 2021. Ni miaka 13 kati ya katazo moja na jingine, na katika mdahalo wetu mara nyingi makatazo hayo yote hutajwa kwa pumzi moja.

Kabla ya kukubaliana juu ya mada, someni pia kilichokwisha kukatazwa. Bunduki ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo anayesema bunduki zidhibitiwe anaomba kitu ambacho tayari kipo, na hana budi kusema ni kifungu gani anataka kikazwe. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 16 ya sheria zetu, humwadhibu mtu anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kutia watu hofu bila sababu halali, na kwa unyang’anyi wa kutumia silaha kifungo hakipungui miaka 30. Upande unaoafiki hauwezi kujifanya kwamba nchi haina sheria. Kazi yake ni kuonyesha pengo lililobaki, na kazi ya upande unaopinga ni kuonyesha kwamba pengo hilo halipo, au lipo lakini haliwezi kuzibwa kwa marufuku.

Mada mbili zifuatazo zinafaa kuanzia. Ya kwanza: “Halmashauri ya Jiji la Tanga itunge sheria ndogo inayokataza kubeba hadharani kitu chochote chenye makali yanayozidi sentimita 30, isipokuwa kwa mtu mwenye sababu ya msingi.” Ya pili: “Bunge litunge sheria inayokataza kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini upanga wa aina yoyote.” Zinafanana kwa juu, lakini ya kwanza inagusa maelfu ya watu kila asubuhi na ya pili karibu haimgusi mtu yeyote mjini, isipokuwa wenye maduka ya mapambo ya harusi. Kwa maoni yangu ya kwanza ndiyo inayostahili jioni nzima.

Pimeni kabla ya kusema

Kikao cha maandalizi kianze na rula. Chukueni karatasi za manila na kuchora, kwa vipimo vyake halisi, vitu vinne: panga la shambani, kisu cha jikoni, sime ya Kimasai, na jambia linalovaliwa na bwana harusi juu ya joho. Vyenyewe msivilete shuleni, kwa sababu hata mwalimu mpole atakuwa na haki ya kuvichukua, na mdahalo utakuwa umekwisha kabla ya kuanza. Mkishachora, bandikeni ukutani na kuipitisha sheria ya England ya mwaka 2008 juu ya kila mchoro, mkikumbuka kwamba sheria hiyo hupima urefu kwa mstari ulionyooka kutoka juu ya mpini hadi kwenye ncha, bila kufuata mkunjo wa bapa.

Matokeo yake yanafundisha kuliko hotuba. Panga la kawaida la dukani aghalabu halifiki sentimita 50, na kwa vyovyote halihesabiwi kuwa upanga, kwa hiyo linapita. Jambia limepinda lakini ni fupi, nalo linapita. Sime, ambayo ilibuniwa tangu mwanzo iwe silaha, ina makali pande zote mbili na hupanuka kuelekea ncha, lakini kwa kuwa imenyooka inapita pia. Kisu cha jikoni hakitajwi kabisa, ingawa katika hesabu za mauaji yanayofanywa kwa vitu vya makali huko England na Wales kisu cha jikoni ndicho kinachoongoza. Sheria iliyoandikwa kwa nia njema, na kwa ajili ya upanga wa Kijapani wa bei rahisi uliokuwa ukiuzwa madukani, imekamata umbo moja na kuyaacha mengine.

Watunga sheria wa huko waliliona hilo, na ndipo ulipoanza mwendo mrefu wa kuziba viraka. Tarehe 24 Septemba 2024 yaliongezwa mapanga na visu vya mtindo wa “zombi”, yaani vyenye bapa linalozidi inchi 8, ncha kali, na alama fulani kama meno ya msumeno, matundu au miiba. Tarehe 1 Agosti 2025 ukaongezwa upanga ulionyooka wa mtindo wa “ninja”. Mwendo huo wa kutoka 2008 hadi 2025 ni ushahidi ambao pande zote mbili zinaweza kuutumia bila kudanganya. Anayepinga atasema kwamba sheria inayofuata umbo haitamaliza kukimbia, kwa kuwa muuzaji hubadilisha umbo kwa wiki chache na Bunge huhitaji miaka. Anayeafiki atasema kwamba hivyo ndivyo sheria yoyote hukua, na kwamba kila hatua iliondoa sokoni kitu kisicho na kazi nyingine ila kutisha. Jizoezeni kuisema hoja hiyo kwa pande zote mbili kabla ya kugawana nafasi.

Muuza madafu kama kipimo

Kila fasili ya silaha itakayopendekezwa, ipitisheni kwa muuza madafu. Huyu hapa kando ya barabara, baiskeli imeegemezwa, tenga limejaa, panga mkononi. Anageuza dafu kiganjani, analichonga juu kwa mapigo machache yanayopita karibu kabisa na vidole vyake, analitoboa, anakupa unywe, kisha analipasua na kukukatia kipande cha kumbi kiwe kijiko cha kukwangulia nyama yake. Kwa saa nane kwa siku amebeba hadharani kitu kirefu chenye makali ya kutosha kumwondoa mtu mkono, na watoto wa shule wamepanga foleni mbele yake bila hofu yoyote. Sheria ikimkamata huyu, imeshindwa. Ikimwacha, ni lazima iseme kwa maneno gani imemwacha.

Jibu la haraka ni kwamba aliye kazini aachwe. Hapo mpinzani makini atauliza juu ya mkulima wa Muheza aliyekuja mjini kununua panga jipya, ambalo huuzwa likiwa butu, limezungushiwa karatasi, na sasa amelishika ndani ya daladala akirudi kwake. Huyo hayuko kazini. Je, kitu kisichonolewa ni silaha? Kitakuwa silaha akishakipeleka kwa fundi wa kunoa, au akikipiga tupa mwenyewe uani? Atauliza pia juu ya mlinzi wa Kimasai anayelala mlangoni mwa duka akiwa na rungu na sime yake katika ala ya ngozi, ambaye yuko kazini kweli, lakini kesho asubuhi atapita na sime hiyohiyo sokoni kununua sukari. Na atauliza juu ya mwizi wa saa nane za usiku ambaye, akisimamishwa, atasema anatoka shamba.

Maswali haya hayapaswi kumvunja moyo anayeafiki, kwa sababu yana majibu yaliyokwisha kujaribiwa kwingine. Sheria ya England ya mwaka 1988 inayohusu kubeba vitu vya makali hadharani huacha kisu cha kukunja chenye bapa lisilozidi inchi 3, na kwa vingine humtaka mbebaji mwenyewe aonyeshe sababu ya msingi, ikitaja wazi kazi, dini na vazi la kitaifa. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mbebaji. Ni kanuni rahisi kuielewa, na kwa muuza madafu sababu inaonekana kwa macho. Lakini mpinzani asiiache ipite bure, maana kanuni hiyohiyo humpa askari wa doria madaraka ya kuamua palepale barabarani kama sababu ya mtu ni ya msingi au si ya msingi, na kijana wa bodaboda hana wakili mfukoni.

Upande unaoafiki

Kosa la kawaida la upande huu ni kuahidi kwamba uhalifu utakwisha. Usiahidi. Sema kwamba marufuku inalenga ukali wa madhara na urahisi wa kufanya kitendo wakati wa hasira ya ghafla, na kwamba ugomvi wa kilabuni unaoanza kwa matusi huishia pabaya zaidi ikiwa kilichoko karibu ni kirefu na kikali. Hiyo ni hoja ndogo kuliko ahadi kubwa, lakini inasimama.

Mtavutwa kutaja vijana waliojulikana kama Panya Road, waliozua taharuki Dar es Salaam mwanzoni mwa Januari 2015 na wakasikika tena mwaka 2022. Mfano huo unafaa, kwa sharti kwamba mjue unakata pande zote mbili: walichobeba ni mapanga na vyuma vinavyopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na mpinzani atauliza mara moja kama mnataka kufunga maduka hayo. Jibu lenu liwe limeandaliwa, nalo ni kwamba mada inahusu kubeba, wala si kuuza. Hapa ndipo mtakapoona faida ya kuiandika mada vizuri tangu mwanzo.

Kisha toeni mpango. Ukumbi hauwezi kupiga kura juu ya tamaa. Mada ikigusa kumiliki, unahitaji kujua ni nani atakayekusanya, kwa muda gani, na mwenye mali atalipwa nini. Jimbo la Victoria nchini Australia linawapa mfano ulio karibu zaidi na panga letu, kwa sababu lilipiga marufuku mapanga kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, likatoa kipindi cha kuyasalimisha bila kushtakiwa, likaweka masanduku maalumu katika vituo vya polisi, na likawaacha wanaoyatumia kwa kilimo. Kwa bunduki kuna Australia yote mwaka 1996: baada ya mauaji ya watu 35 huko Port Arthur, serikali ilikaza sheria na kununua kutoka kwa raia bunduki zipatazo 650,000 na kuziharibu. Hapa kwetu pia serikali imekuwa ikitoa vipindi vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kwa hiyo jambo lenyewe si geni masikioni mwa wasikilizaji.

Kuhusu Katiba, tumieni Ibara ya 14 inayolinda haki ya kuishi, na Ibara ya 30 inayoruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na usalama wa jamii. Mwenzenu atawajibu kwa Ibara ya 24 juu ya haki ya kumiliki mali, nanyi, ikiwa mada yenu ni ya kubeba tu, mtamkumbusha kwamba haikugusa kumiliki.

Mfano wa mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na ule wa pombe za viroba, tarehe 1 Machi 2017, hupendwa sana na wasemaji wa upande huu kama ushahidi kwamba serikali ikiamua inaweza. Itumieni kwa tahadhari. Atasimama mtu nyuma ya ukumbi aseme kwamba hakuna anayelima kwa mfuko wa plastiki, na ukumbi mzima utacheka.

Upande unaopinga

Upande huu una kazi ngumu zaidi ya kihisia, kwa sababu unaonekana kuitetea silaha. Anzeni kwa kusema waziwazi kwamba mnawalinda watu walewale ambao wenzenu wanataka kuwalinda, na kwamba tofauti iko kwenye njia. Kisha muitaje njia yenu. Kupinga bila kutoa mbadala hukubalika kwa mtazamaji wa mpira, lakini kwenye mdahalo hupunguza alama. Mnaweza kupendekeza taa za barabarani, ulinzi shirikishi wa mtaa, adhabu zilizopo zitekelezwe, au usajili badala ya marufuku. Juu ya usajili, Japani inafaa kutajwa: nchi hiyo inadhibiti silaha kwa ukali sana, lakini upanga wa jadi unaruhusiwa ukiwa na hati ya usajili, na hati hiyo hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa kwa sababu upanga huhesabiwa kuwa kazi ya sanaa.

Hoja yenu yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya utekelezaji. Sheria pana inayomfanya kila mbebaji kuwa mshukiwa hadi ajieleze haitekelezwi kwa kila mbebaji. Hutekelezwa kwa yule aliyechaguliwa na mtekelezaji. Katika mkoa ambao mkonge umelimwa tangu mwaka 1893, ambao wavuvi wake hushuka ufukweni na visu na mikuki ya pweza, na ambao nazi haifuliwi kwa mikono mitupu, karibu kila nyumba ina kitu ambacho sheria hiyo ingekigusa. Mahali ambapo kila mtu ana kosa, asiyependwa ndiye anayekamatwa, na mwenye noti ndiye anayeachwa. Elezeni mnyororo huo hatua kwa hatua, bila kumtukana askari yeyote, na muwaachie wasikilizaji wamalizie wenyewe kwa waliyoyaona.

Hoja dhaifu kwa upande huu ni mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba wakianza na panga kesho watakataza jembe. Hakuna serikali inayotaka watu wafe njaa, na msemaji hujidhalilisha kwa kusema hivyo. Ya pili ni ile inayosikika kila mara, kwamba anayetaka kuua ataua hata kwa jiwe. Ikisemwa hivyo tu, huangushwa kwa tukio la siku moja. Tarehe 14 Desemba 2012 mtu mwenye kisu aliwashambulia watoto zaidi ya 20 katika shule ya Chenpeng nchini China na hakuna aliyekufa. Siku hiyohiyo, katika shule ya Sandy Hook nchini Marekani, mtu mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6. Kifaa kina uzito wake, na anayekataa hilo anapoteza wasikilizaji wenye akili.

Lakini hata tukio hilo lina jibu. Machi 2014, katika stesheni ya reli ya Kunming, nchini China vilevile, kundi la washambuliaji wenye visu liliua watu 31 na kujeruhi zaidi ya 140. Na Rwanda mwaka 1994 watu wengi mno waliuawa kwa mapanga ya kawaida ya shambani. Mpinzani anaweza kusema kwamba Rwanda inaonyesha tatizo lilikuwa amri na chuki, kwa kuwa mapanga yale yamo katika kila nchi ya ukanda huu. Mwafiki anaweza kusema kwamba inaonyesha ni lazima kuangalia shehena za mapanga zinazoingia nchini. Kwa vyovyote, msemaji anayeegemea tukio moja tu ajue kwamba mwenzake anaweza kuwa na la pili.

Mila, dini na historia

Sehemu hii huwapa wasemaji wazuri nafasi ya kung’ara, na huwapa wavivu nafasi ya kupoteza dakika. Hapa pwani silaha imekuwa vazi kwa muda mrefu. Bwana harusi mwenye joho, kilemba na jambia hana nia ya kumkata mtu, na hakuna mwenye akili anayemwogopa. Swali ni kama sheria iandike msamaha wake kwa jina la vazi, kwa jina la tukio, au kwa sharti la kuondoa makali. Masingasinga wameshughulikia jambo hili mahali pengi: Katiba ya India inasema wazi kwamba kuvaa na kubeba kirpani, yaani jambia lao dogo la kidini, ni sehemu ya dini yao, na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2006 ilimruhusu mwanafunzi kwenda nayo shuleni kwa masharti, likiwemo la kuishonea ndani ya kitambaa chini ya nguo. Uamuzi huo wa Kanada ni mzuri kuusoma kwa sababu haukuchagua kati ya kukataza na kuruhusu, ulitafuta sharti. Msamaha wa namna hiyo ukidaiwa na bwana harusi wa Ngamiani, mwafiki aeleze ni kwa nini usidaiwe pia na Mmasai, na hapa wasemaji wachunge ndimi zao, kwa kuwa hoja juu ya sime hugeuka haraka kuwa maneno juu ya kabila.

Historia humsaidia zaidi anayepinga. Mwaka 1588 mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, aliamuru wakulima wanyang’anywe panga zao za vita, akawaambia kwamba chuma chake kitatengenezewa misumari na vifungo vya jengo la sanamu kubwa ya Buddha; wakulima walioachwa bila silaha hawakuweza tena kuasi kwa urahisi. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliwakataza hata samurai, yaani wapiganaji wa jadi wa huko, kubeba upanga hadharani. Na karibu na kwetu kabisa, Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani katika mwambao huu kuanzia mwaka 1888, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Miezi michache tu baadaye, Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na sababu hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Lakini waliobaki na bunduki ni wale waliotia saini.

Anayeafiki asiikimbie historia hiyo. Aikubali, kisha aulize kama jiji lenye madiwani waliochaguliwa, linaloweza kushtakiwa mahakamani na kutakiwa kufuta sheria ndogo yake, liko mahali pamoja na Hideyoshi. Mpinzani naye atajibu kwa kuuliza ni wananchi wangapi wa Makorora waliwahi kushiriki kutunga sheria ndogo yoyote. Mabishano hayo yakifikiwa, mdahalo umeiva, na mwenyekiti asiharakishe kuufunga.

Ukumbini

Gawanyeni muda kabla watu hawajaketi. Wasemaji wakuu wawili kwa kila upande wanatosha kwa mada hii, dakika saba kwa wa kwanza na tano kwa wa pili, na wa pili asiruhusiwe kuleta hoja mpya; kazi yake ni kujibu. Ruhusuni taarifa, yaani swali au sahihisho fupi katikati ya hotuba, kutoka upande wa pili baada ya dakika ya kwanza, lakini msemaji awe na haki ya kuikataa kwa adabu. Hoja kutoka kwa wasikilizaji zipewe nafasi ya kutosha, kwa kuwa mara nyingi mama anayeuza samaki au fundi anayenoa visu atasema kwa nusu dakika jambo ambalo wasemaji wote wanne hawakulifikiria.

Mzungumzapo mbele ya wazee, salamu itangulie hoja, na mzee akipingwa apingwe kwa “mzee wangu ameeleza vizuri, naomba niongeze jambo moja”. Adabu hiyo humpa pia msemaji sekunde chache za kupanga jibu. Maafa yaliyowapata watu wa mkoa huu msiyataje kwa majina wala kwa mitaa, kwani ndugu wa marehemu anaweza kuwa amekaa safu ya tatu; hoja ya jumla inatosha. Picha za majeraha zisionyeshwe kabisa.

Kura ipigwe mara mbili, kabla ya msemaji wa kwanza kusimama na baada ya wa mwisho kuketi, na ushindi wapewe waliowahamisha watu wengi zaidi. Katibu aandike pia misamaha iliyopendekezwa na nani aliipendekeza, kwa sababu orodha hiyo, yenye muuza madafu, mkulima, mlinzi na bwana harusi, ndiyo yenye manufaa kwa mtunga sheria kuliko idadi ya kura. Ikiwa mada ilihusu sheria ndogo, nakala moja ya kumbukumbu ipelekwe kwa diwani wa kata pamoja na barua fupi ya mwalimu.